Huzuni Inayocheka Arusini

Katika jumuiya zetu yupo aliyecheka nasi arusini jana, na leo hatoki kitandani. Hulala kutwa, hula kupita kiasi, mikono na miguu humlemea kana kwamba imefungiwa mawe. Na neno dogo la kukataliwa humchoma siku nyingi. Nasi twamwita mvivu, au mnafiki. Hukumu hiyo si ya haki. Madaktari West na Dally wa London waliwaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1959: ni sonona ambayo furaha huituliza kwa muda tu.

Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa huchukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu yake. Aina ya zamani, kama fenelzini, hukataza jibini lililokomaa na pombe ya kienyeji (wenyeji wa vilabuni wasikie), kwani shinikizo la damu laweza kupanda ghafla.

Sala twaihimiza, lakini anayemshurutisha mgonjwa kutupa dawa ili aonyeshe imani, anamdhulumu. Viongozi wa jumuiya, msindikizeni hospitali. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, na safari hiyo isingoje kesho.