Jina Tunalo, Bidhaa Iko Wapi?

Mwezi uliopita nilialikwa kutoa mada katika warsha ya siku mbili kuhusu namna ya kuzitangaza bidhaa za Tanzania katika masoko ya dunia. Kila mshiriki alikabidhiwa mkoba, fulana na kofia vyenye kaulimbiu ya uzalendo. Saa nne asubuhi tukatoka kwenda kunywa chai. Mezani palikuwa na chupa za maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyofungashwa ng'ambo. Nikamwuliza mmoja wa waandaaji, kwa upole, kama haikupatikana kahawa ya Bukoba au ya Moshi. Akacheka: "Daktari, chai ni kazi ya hoteli. Sisi tumeleta kofia." Nikaivua kofia yangu na kusoma lebo ya ndani. Nayo ilikuwa imeshonwa ng'ambo.

Sisimulii kisa hiki ili kuwacheka waandaaji, ambao ni watu waungwana na walinilipia nauli. Nakisimulia kwa sababu kinafichua kosa la fikra lililoota mizizi katika wizara zetu, katika vyuo vyetu na hata katika harakati zetu: imani kwamba chapa ya taifa huzaliwa kwenye matangazo. Historia inasema vingine. Chapa ndogo za kitaifa zilizofika mbali zilianza na nidhamu ya ubora pamoja na chombo chenye meno cha kuisimamia. Nyingi zilishindwa hadharani, zikarekebisha kasoro, kisha zikapata jina. Sisi tunaanzia mwisho, halafu tunashangaa kwa nini hatufiki.

Kwanza tuondoe kisingizio cha kutojulikana. Ni nchi ngapi zenye majina matatu mashuhuri kama Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar? Huko Japani, Kilimanjaro ni jina la kahawa linalofahamika kwa wanywaji wa kawaida, na kanuni za wenye viwanda wa huko zinataka kahawa inayouzwa kwa jina hilo iwe imetoka Tanzania. Kahawa ya Mbinga, iliyoko mamia ya kilomita kutoka mlimani, nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Lakini anayeikaanga, anayeifungasha na anayepata faida kubwa zaidi kwa kikombe hayuko Moshi wala Mbinga. Tanzanite nayo iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina la nchi yetu. Sehemu kubwa ya mawe hayo imekuwa ikikatwa na kung'arishwa Jaipur, India. Mwaka 2018 tulikamilisha ukuta wa kilomita 24 kuyazunguka machimbo. Ukuta huweza kumzuia mtoroshaji. Kumfundisha kijana wa Simanjiro kulikata jiwe ni kazi nyingine.

Kwa hiyo jina tunalo. Kampuni nyingi duniani zingetoa fedha nyingi kupata jina kama hilo. Kinachokosekana ni kile kinachopaswa kusimama nyuma yake.

Tazameni Kolombia. Mwaka 1927 wakulima wa kahawa wa nchi hiyo waliunda shirikisho lao la taifa. Mwaka 1938 likaanzisha kituo cha utafiti, Cenicafé. Mwaka 1940 ukaundwa mfuko wa taifa wa kahawa, unaochangiwa kwa tozo ya kahawa inayouzwa nje. Fedha hizo ziligharimia utafiti, maofisa ugani, ununuzi wa uhakika kutoka kwa mkulima na ukaguzi wa ubora kabla mzigo haujapakiwa melini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka 30 tangu shirikisho kuundwa, ndipo wakala wa matangazo wa New York alipombuni Juan Valdez, mkulima wa kuigiza mwenye kofia pana na nyumbu wake. Mwaka 2002 yakaanzishwa maduka ya kahawa yenye jina lake, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukalikubali jina la kahawa ya Kolombia kuwa jina la mahali linalolindwa kisheria. Leo dunia inamkumbuka nyumbu. Hakuna anayeikumbuka tozo, na tozo ndiyo iliyomlisha nyumbu.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia jambo geni kwetu. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, miaka miwili kabla ya Wakolombia, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Tulianza nao safari. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kazi zake zikahamishiwa kwenye mamlaka za mazao. Viliporuhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, vilirudi vikiwa dhaifu, na wanachama wakiwa wamejifunza kutoviamini. Mkulima ambaye kahawa yake safi inachanganywa na chafu, akalipwa sawa na jirani yake mvivu, ana sababu gani ya kuchuma tunda jekundu moja moja? Ubora huanza na swali hilo la shambani, na fulana hazina jibu lake.

Mfano wa pili ni Korea Kusini. Mwaka 1964 mauzo yake ya nje yalifikia dola milioni 100, na siku ya kufikia kiwango hicho ikafanywa siku ya kuadhimishwa kila mwaka. Mwaka 1977 yalifikia dola bilioni 10. Rais Park Chung-hee alikuwa akikaa mwenyewe katika vikao vya kila mwezi vya kukagua mauzo ya nje. Mikopo nafuu iliwafuata waliouza nje. Aliyeshindwa kuuza alijua kwamba dirisha la benki litafungwa.

Ndani ya mazingira hayo ilikua Hyundai Motor, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuanza kwa kuunganisha magari ya Ford. Mwaka 1975 ilianza kutengeneza Pony, gari lenye umbo lililochorwa na Mwitalia na teknolojia ya injini kutoka Mitsubishi ya Japani. Hawakuona aibu kujifunza kwa mgeni. Mwaka 1976 magari machache yakapelekwa Ekwado, soko dogo la kujaribia. Mwaka 1986 wakaingia Marekani kwa gari la Excel na kuuza zaidi ya magari 160,000 katika mwaka wa kwanza. Kisha sifa mbaya ikaenea: magari yaliharibika mno, na jina la Hyundai likawa mzaha wa wachekeshaji. Kampuni haikuita mkutano wa kulalamika kwamba Wamarekani hawaithamini Korea. Ilirekebisha viwanda vyake, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikatoa dhamana ya injini ya miaka 10 au maili 100,000. Dhamana kama hiyo humfilisi anayeitoa kabla ya kurekebisha kiwanda. Hata Toyota, iliyojaa barabara zetu leo, ilipeleka gari la Crown Marekani mwaka 1957, likashindwa kuhimili barabara kuu za kule, na mauzo yake yakasitishwa mwaka 1960.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wanaharakati wataniambia kwamba Korea ya Park ilikuwa utawala wa mabavu uliowanyonya wafanyakazi. Ni kweli, na mimi siutamani mjeledi wake. Ninachokitaka ni kanuni moja tu, ambayo demokrasia inaiweza vizuri zaidi: anayepewa msaada wa umma aulizwe hadharani ameufanyia nini. Wataniambia pia kwamba biashara ya dunia imejaa dhuluma. Nayo ni kweli, lakini dhuluma hupambanwa nayo kwa maandalizi. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili nchini Marekani majina ya kahawa zake za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe. Ilipingwa, ikabishana, ikashirikiana na wanaharakati wa nje, na mwaka 2007 ikatia saini makubaliano na Starbucks. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kahawa ya Ethiopia ilikuwa njema kwa karne nyingi, na muda wote huo ilikuwa ikiwauzia wengine. Chema nacho kinahitaji mlinzi.

Maofisa wa serikali, kwa upande wao, hupenda kumlaumu mwananchi: hapendi vya kwao, hana uzalendo. Lawama hii siikubali. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Leo kundi la kampuni zake lina shughuli hadi Uganda, Malawi, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na bidhaa za Azam zimo katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuhutubiwa kuhusu uzalendo. Mama ntilie hununua tena unga uliofanya chapati zake za jana zitoke vizuri. Huo ndio uzalendo wa sokoni.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani anayefungasha asali ya Tabora. Amehudhuria maonyesho mengi, amepigwa picha na viongozi kadhaa, na ana vyeti ukutani. Mwaka jana alipata mnunuzi kutoka nchi za Ghuba. Mnunuzi hakuuliza kaulimbiu. Aliuliza: je, waweza kuniletea kontena moja kila baada ya miezi mitatu, asali ya rangi ileile, yenye unyevu usiozidi asilimia 20? Binti yule alinunua kwa warina asali waliotawanyika vijijini, kila mmoja na dumu lake, na hakuwa na kipimo cha unyevu vijijini, wala ghala la kuchanganyia, wala mtaji wa kuwalipa taslimu. Barua ya maombi ya mkopo ilizunguka ofisini hadi msimu ukapita. "Mwalimu," aliniambia, "wanaonipiga picha ni wengi. Wa kunipimia asali sikumpata." Mnunuzi alikwenda nchi nyingine.

Hapo ndipo dola ilipohitajika, na ndipo ninapoelekeza madai yangu. La kwanza: kila msamaha wa kodi na kila mkopo nafuu kwa kiwanda uambatane na lengo la mauzo ya nje lenye tarehe, na orodha ya waliolifikia na walioshindwa ichapishwe kila mwaka. La pili: sehemu ya fedha za maonyesho ihamishiwe kwenye maabara za kanda, vipimo vya vijijini na maghala, ili jibu la kipimo lipatikane kwa siku na si kwa misimu. La tatu: vyama vya ushirika vimlipe mkulima kwa daraja la ubora, na mkulima aione karatasi ya daraja lake kwa macho yake. La nne: anayeuza nje arejeshewe kodi yake ya ongezeko la thamani kwa wakati, maana fedha yake inapokaa hazina, yeye ndiye anayeikopesha serikali bila riba. Majina yetu nayo yasajiliwe na kulindwa huko yanakouzwa.

Madai haya hayana fulana, na huenda ndiyo sababu hayapendwi. Matunda yake yataonekana baada ya miaka 15 au 20, wakati waziri wa leo amekwisha kusahauliwa. Vijana ninaowafundisha, hata hivyo, watakuwa hai, wakitafuta kazi katika viwanda ambavyo ama tutakuwa tumevijenga au tutakuwa tumeviimba tu.

Nimealikwa tena kwenye warsha ya pili. Nimejibu kwamba nitakwenda kwa sharti moja: kofia zibaki ghalani, mezani iwekwe kahawa ya Bukoba, na waitwe wanunuzi watatu wa kigeni wainywe na kutueleza kasoro zake mbele ya walioitengeneza. Bado sijajibiwa.