Tusifiche Maji Yaliyoingia Kwenye Kompyuta



Ndugu zetu wanafunzi, wazazi na walezi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha katika toleo la mwaka huu, tunaomba tuzungumze jambo lililotugusa sisi wenyewe hapa madrasa. Huenda wengine wakaliona dogo. Sisi tumeliona kubwa, kwa kuwa limetupima katika amana.

Asubuhi moja ya masika, kikombe cha chai ya maziwa kilimwagika juu ya laptopu ambayo wazazi waliichangia kwa ajili ya somo la kompyuta. Mwanafunzi aliyekuwa nayo akaogopa. Akaifuta juu juu kwa mkono wa kanzu, akaifunga, akanyamaza. Siku ya tatu Ustadhi alipoiwasha, iliwaka kidogo kisha ikazima moja kwa moja.

Nasi watu wazima hatukuwa bora kuliko mtoto. Waranti ilikuwa bado na miezi minne, basi baadhi yetu tukashauriana tuirudishe dukani tuseme imezima yenyewe. Wengine wakasema duka ni tajiri, halitapungukiwa na kitu.

Maoni yetu leo ni haya: kumwagika kwa chai ilikuwa ajali. Kosa lilikuwa kuficha, kwanza kwa mtoto, kisha kwetu.

Tuanze na mtoto. Mara nyingi maji peke yake hayaui kompyuta papo hapo. Kinachoiua ni umeme kupita palipolowa na kuleta shoti, kisha kutu kula njia nyembamba za shaba zilizo ndani. Chai yenye sukari na maziwa ni mbaya zaidi, maana hata ikikauka huacha utando unaonata. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Zima umeme ukutani, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka mashine izime, toa betri kama inatoka, kisha ifungue na kuigeuza kifudifudi mfano wa hema ili maji yatoke. Usiiwashe kujaribu kama bado ni nzima. Usiifukie kwenye mchele pia, kwani mchele hauondoi sukari iliyoganda ndani, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake zilizolowa wasifanye hivyo. Mpelekee fundi aifungue na kuisafisha mapema. Haya yote yanawezekana tu ikiwa mtoto atathubutu kusema, "Ustadhi, nimemwaga chai." Akijua atachapwa, atanyamaza, na kutu itaendelea kula siku tatu nzima.

Sasa tuje kwetu wakubwa. Waranti ni ahadi ya kurekebisha kasoro iliyotoka kiwandani. Wanaosoma fiqhi wataikumbuka khiyari ya aibu: mnunuzi hurudisha bidhaa kwa aibu iliyokuwapo kabla hajaipokea, wala si kwa aibu aliyoitia mwenyewe. Waranti za kawaida za kompyuta hazihusishi kumwagikiwa maji. Tena baadhi ya watengenezaji hubandika ndani vijikaratasi vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa, na fundi akifungua huviona mara moja.

Lakini hata visingekuwapo, Mwenyezi Mungu anaona. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiweke kilicholowa juu watu wakakiona, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tazameni, hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuficha unyevu. Yeye alikuwa muuzaji, sisi tulikuwa wanunuzi, na unyevu tuliotaka kuuficha ni ule ule. Utajiri wa duka hauhalalishi uongo.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Muuzaji anayetangaza "waranti mwaka mzima" bila kueleza mipaka yake naye anaficha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Basi kabla ya kulipa tuulize: waranti ni ya duka au ya kiwanda? Inahusu nini na haihusu nini? Mashine itatengenezwa hapa Mwanza au itasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kwa gharama ya nani? Tudai risiti na karatasi ya waranti yenye namba ya mashine, tuzitunze.

Mwisho wa kisa chetu, tulikwenda dukani tukasema ukweli. Waranti ilikataliwa, na ilikuwa haki yao. Tukachanga tena kwa ajili ya fundi. Ubao wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu, hakuweza kuuokoa, ila alinusuru diski yenye kumbukumbu za wanafunzi. Tumepoteza laptopu, na wachangiaji tumewaeleza sababu.

Wazazi wenzetu, mtoto akija na habari ya kikombe kilichomwagika, tumshukuru kwanza kwa kusema, kisha tukimbilie kuchomoa chaja.

Wabillahi tawfiq.