Gauni la Kuvutika kwa Paterni ya Zamani

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu Sumbawanga haina mzaha. Hapa Mazwi mama anayetoka alfajiri huvaa sweta juu ya gauni na kujitanda kitenge juu ya sweta. Kwa hiyo mwezi huu tumechagua gauni la kitambaa cha fulana. Linatunza joto, linavutika, halina zipu, na huvaliwa nyumbani, sokoni na kliniki.

Ipo sababu nyingine, nayo ndiyo kubwa. Sisi wauguzi tunawaona wenzetu wanaochelewa kuanza kliniki ya wajawazito kwa sababu hakuna gauni linalowatosha, na wanaona haya kuja na kanga iliyoficha zipu isiyofunga. Watoto wamevaa, baba amevaa, mama anasema, "Mimi baadaye." Mimba haingoji baadaye.

PATERNI
Mwaka 1863 fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, alianza kuuza paterni za karatasi za saizi mbalimbali, na mama wa nyumbani akaweza kukata nguo mwenyewe. Ukipata paterni ya gauni la fulana ya miaka ya 1970, itunze. Ina vipande vichache: mbele, nyuma, mikono na utepe wa shingo. Usiikate. Inyooshe kwa pasi isiyo na moto mkali, kisha inakili kwenye karatasi ya kaki au gazeti.

VIPIMO
Usiamini namba ya saizi. Saizi 14 ya paterni za Marekani za wakati ule ni ya kifua cha inchi 36, yaani sentimita 92 hivi. Saizi 14 ya gauni la dukani siku hizi huwa kubwa zaidi. Chukua futikamba, pima kifua, kiuno na nyonga bila kuvuta tumbo ndani. Katika kikundi chetu cha kanisani tunapimana wawili wawili, na namba ya mtu haitoki nje ya chumba.

Tuseme kifua chako ni sentimita 100 na paterni ni ya 92. Zimepungua 8. Gauni lina kingo nne za ubavuni, mbili mbele na mbili nyuma, basi ongeza 2 kila ukingo. Mkono wa gauni nao uongezewe 2 kila upande chini ya kwapa, ili ulingane na tundu lake.

Aliyejifungua angoje wiki sita hivi, kizazi kirudi mahali pake, naye apime kifua matiti yakiwa yamejaa maziwa. Mjamzito aongeze sentimita chache za urefu mbele katikati, maana tumbo hupandisha pindo.

KITAMBAA
Kwenye mitumba tafuta shuka la kitambaa cha fulana, au fulana mbili kubwa za kiume. Shika sentimita 10 uvute. Zifike 12 hivi, kisha zirudi zenyewe. Kisichorudi kiache. Kifue kwanza, kwa kuwa pamba hupungua, na ukianike kwa kukilaza kivulini. Unapokata, upande unaovutika zaidi uzunguke mwili.

KUSHONA
1. Tumia uzi wa poliesta na sindano ya fulana yenye ncha butu kidogo. Sindano kali hukata nyuzi, na matundu huonekana baada ya kufua.
2. Anza na mabega. Shonea humo utepe mwembamba usiovutika ili yasilegee.
3. Tumia zigizaga nyembamba. Kama cherehani yako ya miguu hushona mshono mnyoofu tu, vuta kitambaa kidogo unaposhona, kisha rudia mshono wa pili kando ya wa kwanza.
4. Utepe wa shingo uwe mfupi kuliko shingo. Shingo ikiwa sentimita 60, utepe uwe 50 pamoja na nafasi ya mshono.
5. Litundike gauni siku nzima kabla ya kupinda pindo.

Anayenyonyesha aache upenyo wa vifungo kifuani, na nyuma ya matundu ya vifungo aweke kitambaa kisichovutika.

Mwisho, ombi la wauguzi: mkono wa gauni upande kwa urahisi hadi juu ya kiwiko. Kipimo cha presha hufungwa kwenye mkono mtupu. Nguo inayobana ikikunjwa hukaza kama kamba, na kipimo hakitoki sawasawa. Presha ya mjamzito yaweza kupanda bila yeye kusikia lolote, nayo ni hatari kwake na kwa mtoto.

Fulana mbili, uzi na Jumamosi moja vinatosha. Mama, safari hii anza na lako.