Trip ya Familia Haiuliwi na Pesa, Inauliwa na Kuchelewa Kuongea

Niseme tu mapema: kama grupu ya familia yenu ina watu 28 na mnataka kuenda theme park pamoja, na mnangoja wiki mbili kabla ndio muanze kuongea pesa, hiyo si trip. Hiyo ni njia ya heshima ya kuacha wengine nyumbani.

Mnajua vile huwa. Mtu anatupa video ya lile gurudumu kubwa la Two Rivers kwa WhatsApp. Emoji zinamwagika. Anti anasema "Amen, mwaka huu lazima." Anko anatuma sticker. Halafu kimya, miezi sita. Tarehe 18 Desemba mtu anaamka: "Wapendwa, Jumamosi twende. Kila mtu 2,500." Wenye wako na doo wanaenda. Wengine wanaandika "Niko na kazi" ama "Mtoto ana homa kidogo." Halafu jioni wanakaa wakiangalia picha kwa status.

Hiyo "niko na kazi" ndio ninataka tuongelee leo. Mara nyingi hakuna kazi. Kuna mtu mzima ambaye hawezi kuandika mbele ya ndugu zake kwamba hana. Na watoi wake wanakua wakijua binamu zao kwa picha tu.

Msimamo wangu ni huu: kupanga mapema si mambo ya watu wa bajeti na kalamu. Ni heshima kwa mtu wa familia mwenye mfuko mdogo.

Chukua hesabu ya mfano. Si bei ya mahali popote, ni mfano tu. Tuseme mtu mzima ni 2,400 na mtoto ni 1,600, nauli, chakula na michezo yote ndani. Nyumba ya wazazi wawili na watoto watatu ni 9,600. Ukiambia mama mboga atoe 9,600 kwa wiki mbili za Desemba, na karo ya Januari inamwangalia, umemfukuza kwa lugha tamu. Lakini ukimwambia Februari kwamba tunaenda Agosti, hiyo ni 1,600 kwa mwezi kwa miezi sita. Kama 400 kwa wiki. Bado si kidogo, lakini sasa ni kitu anaweza kupigana nacho. Pesa ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anaweza kukuja.

Na mbona Agosti, si Desemba? Kwa sababu familia kubwa si watu wenye likizo moja. Kama shosho wenu yuko Nyeri, Oktoba hadi Desemba ndio msimu mkubwa wa kahawa. Hapo hakuna mtu anaacha shamba akakalie gurudumu. Cuzo mwenye stall ya nguo Gikomba, Desemba ndio anatafuta pesa ya mwaka mzima. Mwenye yuko Form Four ana KCSE hadi Novemba. Aprili shule zimefungwa sawa, lakini ni mvua ndefu, na hakuna kitu cha huzuni kama watoto 15 wamesimama chini ya hema moja wakingoja mvua iishe. Agosti kuna baridi, ndio, lakini sweta ni bei rahisi kuliko mvua. Na mkiweza, chagueni siku ya katikati ya wiki. Foleni ya Jumanne na foleni ya Boxing Day si ndugu.

Kuna watu watasema hizi ni tabia za wazungu, raha haipangwi. Kwanza, ni kweli wenzetu wanapanga hadi inachosha. Kule Walt Disney World, Florida, bei ya tiketi inategemea tarehe unayoenda, na meza ya restoranti unaweza kuibook siku 60 kabla. Kuna familia huko zinajua Februari zitakula nini Agosti. Sisi hatuhitaji kufika hapo.

Lakini hiyo hoja ya "sisi hatupangi" ni uongo, na nitawaonyesha.

Mtu akifariki kwa familia yenu, ndani ya siku mbili kuna kamati. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna grupu mpya ya WhatsApp, kuna orodha ya majina na pesa yenye inasasishwa kila jioni. Basi limepatikana, hema limepatikana, mtu wa sufuria kubwa amepatikana, watu 300 wanakula na kurudi nyumbani salama. Kwa wiki moja! Harusi ni hivyo hivyo. Sisi ni moto kwa kupanga. Ni vile tu tumeamua kamati ni ya machozi na ya harusi, na raha ya watoto ni ya kubahatisha.

Ndio maana binamu wengi wa rika letu wanajuana kwa matanga. Mnakutana mmevaa nyeusi, mnaulizana "wewe ni wa nani tena?", mnakula wali, mnaachana hadi mwingine aende. Shosho anazeeka. Hiyo nafasi ya kukaa naye siku nzima akicheka haitakuwa hapo milele. Kwa hivyo usiniambie theme park ni upuzi wakati uchumi ni mbaya. Uchumi ukiwa mbaya ndio unahitaji kupanga zaidi, si kidogo.

Sawa. Sasa ingieni kazi.

Anzeni na watu, si na mahali. Kabla ya kubishana ni Two Rivers ama ni kwingine, andika orodha. Majina, miaka, na kwa watoto, urefu. Urefu kabisa, chukua futi ya fundi wa nguo upime. Michezo mingi mikubwa ina kipimo cha urefu getini. Space Mountain ya pale Magic Kingdom, Florida, inataka angalau sentimita 112, na hata hapa kwetu utakutana na hicho kijiti kimechorwa mstari. Mtoto wa miaka sita akiambiwa "wewe bado" mbele ya binamu zake wote, siku imeharibika. Afadhali ajue kutoka nyumbani, na awe na mchezo wake amechaguliwa.

Shosho si mzigo, ni mgeni wa heshima. Uliza mapema: kuna kivuli? Kuna kiti chenye mgongo? Choo kiko umbali gani? Gari linaweza kumshusha karibu? Maswali manne, simu moja. Mkikosa kuuliza, mtamkalisha juu ya ukuta saa tano na mumuulize kama ana-enjoy.

Nani anabaki na mtoto mchanga? Kila familia ina yule mwanamke mmoja. Anabaki na pochi za watu, anabaki na mtoto, anabaki na chapati. Anarudi nyumbani hajapanda hata kigari cha umeme. Disney wana mpango unaitwa Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, halafu wanabadilishana bila huyo wa pili kuanza foleni upya. Wazo ni zuri, tuibe. Wekeni zamu za saa moja moja, na wanaume wawe kwa hiyo orodha kwa majina. Na kama mnaenda na dada wa kazi, amueni mapema: yuko kazini ama yuko likizo? Kama yuko kazini, analipwa siku yake. Kama yuko likizo, msimwachie watoto wanane.

Pesa ihesabiwe kwa uwazi, shida zibaki siri. Hapa ndio penye moyo wa mambo yote. Weka hesabu yote kwa grupu: gari ni ngapi, michezo ni ngapi, chakula ni ngapi. Lakini usiweke orodha ya nani bado hajalipa. Hiyo orodha imevunja familia. Chagueni mtu mmoja mwenye mdomo wake una kufuli, mara nyingi ni anti fulani mtulivu, halafu mwambie kila nyumba: mkikwama, ongeeni na yeye peke yake. Wenye wako na uwezo, anko wa diaspora na wengine, wamtumie huyo anti cha ziada bila kujua kinaenda kwa nani. Shosho na watoto yatima wa familia wanalipiwa kutoka kwa huo mfuko, na hakuna hotuba inatolewa.

Pesa isikae kwa simu ya mtu anayeitumia kununua mkate. Si kwamba ni mwizi. Ni vile M-Pesa haijui tofauti ya pesa ya trip na pesa ya gesi. Tafuteni mahali imetengwa, na watu wawili waone salio. Kila nyumba pia inaweza kujiwekea yake: M-Shwari ina sehemu ya kufungia pesa hadi tarehe fulani, na M-Pesa Ratiba, iliyokuja 2024, inatuma kiasi kile kile kila wiki ama kila mwezi bila wewe kukumbuka. Na amueni leo, kwa maandishi, mtu akijiondoa anarudishiwa nini. Kabla ya depoziti ya gari kulipwa, anarudishiwa zote. Baada ya hapo, sehemu ya gari imeenda. Mkisema hivyo Februari ni sheria. Mkisema Agosti ni vita.

Gari. Watu 28 wanaingia matatu ya abiria 33 na vikapu vyao. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni karibu kilomita 150, na gari la abiria kisheria halipiti 80 kwa saa. Kwa hivyo yule anko anasema "ni saa moja na nusu tu" mnyamazisheni kwa upole. Mkishuka Thika Road, Northern Bypass inawatoa Ruaka, karibu kabisa na Two Rivers, bila kupita tao. Angalieni bima ya kubeba abiria, angalieni mikanda inafanya kazi. Na depoziti msitume kwa namba ya mtu binafsi yenye mmeipata kwa page ya Instagram. Nendeni stage, muone gari na macho.

Kulala. Kama mnalala Nairobi, msimwangukie yule jamaa mmoja mwenye nyumba kubwa. Watu tisa kwa sebule yake siku mbili ni tokeni za stima, ni gesi, ni maji ya bowser. Hiyo ni gharama, ihesabiwe kama mchango wake ama alipwe. Ama mkodi nyumba za muda mfupi, na mseme ukweli mko wangapi kabla hamjalipa.

Chakula. Piga simu uulize kama chakula cha nje kinaruhusiwa ndani. Chapati 60 za shosho zisije zikakwama getini.

Neno la mwisho kwa rika langu. Tunajua hii kazi itatuangukia sisi. "Wewe uko na simu, tupangie." Sawa, tutapanga. Lakini kazi bila mamlaka ni utumwa wa familia. Kama cuzo wenu wa miaka 22 ndiye amepiga simu kumi, amejumlisha hesabu na amefuatilia watu miezi sita, basi anko hawezi kukuja wiki ya mwisho abadilishe tarehe kwa sababu ana mechi. Wazee, hapa tunawaomba kwa heshima zote: mkitupa kazi, mtupe na sauti. Mkitaka kupinga, pingeni Februari.

Na wewe cuzo mwenye unasoma hii ukiwa na ile video ya gurudumu tayari kutuma kwa grupu, usitume video. Tuma tarehe, tuma kiasi cha wiki, na tuma jina la anti wa kuongea naye kwa siri. Video utatuma Agosti, na safari hii watu wote watakuwa ndani.