Butimba Ipi?

Jijini Mwanza jina la Butimba halijitoshelezi. Kata hiyo ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa katikati ya jiji, ina Gereza Kuu la Butimba na ina Chuo cha Ualimu Butimba. Kwa hiyo mzigo wa maana hubebwa na kitenzi. Kijana aliyechaguliwa Butimba hupongezwa. Aliyepelekwa Butimba hutafutiwa wakili. Penye utata ni "amemaliza Butimba", kwani kote kuwili watu humaliza, na msikilizaji mwenye adabu husubiri sentensi ya pili kabla ya kutoa hongera.

Zanzibar utata huo umepigwa muhuri wa serikali. Huko idara inayoendesha magereza inaitwa Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia kifungo huitwa mwanafunzi. Nia inaeleweka, tena ni njema: kumrekebisha mtu badala ya kumkomoa. Lakini jina halijahamisha ufunguo kutoka upande wa nje wa mlango, na mwanafunzi huyo hana namna ya kutoroka vipindi. Faida yake ni moja. Yeye huweza kusamehewa na Rais, jambo ambalo mwanachuo wa Butimba, yule wa chaki, hajawahi kulipata katika mtihani.

Gereza lenyewe ni neno la kuhamahama. Wanaisimu hulirudisha kwenye neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Kutoka hapo lilihamia kwenye ngome, na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuja kuwa jela ya wakoloni wa Kiingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na Unguja jela ikawa chuo: safari nzima imepita mahali ambapo watu huambiwa wakae kimya.

Mtaani hakuna upole wa namna hiyo. Miaka ya kifungo huhesabiwa kwa mvua, na aliyefungwa miaka 30 "amekula mvua 30". Kukaa jela ni "kunyea debe", kwa kumbukumbu ya debe lililokuwa choo cha selo. Si lugha ya kusemea mbele ya wakwe, ila haimdanganyi mtu kwamba huko ni chuoni.

Mahakama nayo ina yake. Hutoa "kifungo cha nje", ambapo mtu hufungwa na kurudi kulala kwake, na hutamka adhabu ya "kunyongwa hadi kufa", kana kwamba kuna kunyongwa hadi kupona. Hayo yana sababu zake za kisheria.

Yasiyo na sababu ni ya magazetini. Mtuhumiwa akikamatwa "anawasaidia polisi", msaada ambao hana ruhusa ya kuukatiza akale chakula cha mchana. Asipokamatwa "ametokomea kusikojulikana", hata kama kijiji kizima kinajua yuko kwa mjomba wake. Aliyeuawa kauawa kwa "kitu chenye ncha kali", huku panga limelazwa mezani kama kielelezo. Kisha kuna "wananchi wenye hasira kali", na hapo mzaha unakoma. Msemo huo hutumika mtu anapopigwa hadi kufa barabarani. Unawapa wauaji utetezi kabla hawajaulizwa na hakimu, unawavisha uraia mwema, na unamwacha marehemu akiwa mwizi bila shahidi hata mmoja. Wanaouandika hawana nia mbaya. Vidole vimeuzoea tu, na habari inatakiwa iingie kabla ya saa ya kufunga ukurasa.

Ombi la toleo hili kwa vyumba vya habari ni dogo. Watu walioua waandikwe kuwa wameua, na asiyefikishwa mbele ya hakimu asiitwe mwizi.