Tusigawane Vidonge

Ni nani kati yetu hajaona vidonge vya rangi mbili vikipita kitanda hadi kitanda bwenini? Huyu ana mafua, apewa viwili. Yule jino lamuuma, apewa kimoja. Vilivyobaki vyafichwa sandukuni hadi muhula ujao. Mimi nasema mchezo huu ukome, na sababu zangu zimo wodini.

Bakteria wakishaingia damuni, hakuna muda wa kubahatisha. Damu ya mgonjwa hupelekwa maabarani ili bakteria waoteshwe, lakini majibu hukawia siku moja, mbili au zaidi. Basi daktari huanza kutibu kwa kukisia. Je, ikiwa dawa aliyoichagua haiwaui tena? Saa zinapotea, na mgonjwa ndiye huyo anazidiwa. Tena tusidhani ni mambo ya ng'ambo. Uchunguzi uliofanywa hospitalini Kilifi kati ya 1998 na 2002 ulionyesha kwamba katika kila watoto mia waliofia humo, 26 walikuwa na bakteria damuni.

Usugu huja hivi: dawa huua bakteria dhaifu, wenye kinga wakabaki na kuzaana. Isitoshe, bakteria aweza kumpa mwenziwe, hata wa jamii nyingine, jeni za kuivunja dawa, kama watahiniwa wanaopitishiana majibu! Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya juu ya dozi ndogo ndogo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Nani alimsikiliza? Ilikadiriwa kwamba mwaka wa 2019 pekee, usugu huo uliua watu milioni 1.27 duniani.

Wapo wasemao eti wananchi ni wajinga. Hapo sikubali hata kidogo. Mama mwenye shilingi hamsini atanunua vidonge vya shilingi hamsini. Mwenye duka la dawa, aliyesomea kazi yake, ndiye anayemkatia nusu dozi bila cheti cha daktari. Huyo alaumiwe kwanza, kisha wanaoacha hospitali ndogo bila maabara ya kuotesha damu.

Lakini sisi wa bwenini tuna kisingizio gani, jamani? Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Ukiugua, nenda kwa metroni, umeze dawa kama ulivyoandikiwa. Na vile vilivyo sandukuni mpelekee leo hii, kabla ya kengele ya masomo ya jioni.