Hakuna "Mahindi ya Kuku"

Ndugu mfugaji, ukipita sokoni utaona marundo mawili ya mahindi. La kwanza ni safi. La pili lina punje za kijani na nyeusi, linanuka uvundo, na bei yake iko chini. Ukiuliza, unajibiwa: "Hayo ni ya kuku."

Nasema wazi: hakuna mahindi ya kuku. Kuna mahindi mazima na mahindi mabovu, basi.

Ukungu ule ndio unaoweza kutengeneza sumukuvu. Na sumu hii iligunduliwa kwenye chakula cha mifugo. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sisi wa Tabora tunaolima karanga na mahindi tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Rundo bovu likishasagwa halionekani tena. Linachanganywa na pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, kisha gunia linashonwa. Kuku wanadumaa, mayai yanapungua, chanjo haishiki vizuri. Wewe unalaumu vifaranga, unaongeza dawa. Dawa ya dukani haiondoi sumukuvu.

Mnaniambia, "Bwana mifugo, tatizo ni bei." Najua; chakula ndicho kinachomeza fedha nyingi za mfuga kuku. Lakini piga hesabu hadi mwisho: ulichookoa kwenye gunia, toa trei za mayai ulizokosa na kuku waliokufa. Kimebaki nini?

Nawe mfanyabiashara, kupunguza bei ya mabovu si kuyaondoa sokoni. Ng'ombe akiyala, sumu inaingia kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Itarudi nyumbani kwako kwenye kikombe cha chai. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Hatuko mbali.

Fanya hivi:

1. Nunua mahindi ya punje, yachambue, kisha yaparazwe ukiwa hapo hapo mashineni.

2. Pima unyevu kabla ya kuhifadhi. Weka glasi moja ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yaanike tena juu ya turubai.

3. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

4. Yaliyoota ukungu yafukie. Usimpe nguruwe wala mbuzi.

Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ipo tangu 2010, na sisi maofisa tuna wajibu wa kuisimamia, tukilala, tuamsheni. Lakini rundo lile linakuwepo sokoni kwa sababu lina mnunuzi. Likikosa mnunuzi wiki tatu mfululizo, muuzaji mwenyewe ataanza kukausha mahindi yake vizuri.

Kesho ukiambiwa "haya ni ya kuku", weka fedha yako mfukoni, uende zako.